Goti limeumia: mikono ya mpimaji inatafuta nini kabla ya MRI

Kuna kitu kinaniuma sana kwenye kazi hii ya fizio. Mtu anaingia na bahasha ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, imeshafunguliwa na kufungwa mpaka kona zimechanika, hela ya kipimo kaikopa au kachangiwa na timu, halafu ukimuuliza kama kuna mtu ameshalishika hilo goti, akalikunja, akalivuta, akalilinganisha na la pili, anakwambia hapana, nilifika nikaandikiwa picha tu. Sisemi MRI ni mbaya, inaona vitu ambavyo mkono hauoni na kuna magoti ambayo bila picha huwezi kuamua chochote. Ila goti liko karibu na ngozi, mifupa yake unaishika kwa vidole, na ligamenti zake, zile kamba zinazoshikilia mifupa, kila moja ina kazi yake ambayo unaweza kuijaribu hapo hapo kitandani bila mashine yoyote. Mpimaji mzuri akishamaliza maswali na mikono anakuwa na picha nzuri kichwani ya kilichoumia, na MRI akiiomba anaiomba kwa swali maalum. Nataka nieleze hizo dakika kumi na tano za kupimwa goti zinakuwaje na kwa nini kila kitu kinafanywa vile, maana ukielewa unajua hata cha kuuliza.

Tuanze na kilichomo ndani. Mfupa wa paja unashuka, na mwisho wake una vichwa viwili vya mviringo, wakati mfupa mkubwa wa ugoko kwa juu uko karibu bapa. Kitu cha mviringo juu ya kitu bapa hakitulii, kwa hiyo katikati pamewekwa meniskasi mbili, moja upande wa ndani na moja upande wa nje, zinafanya kazi ileile ya ngata anayoiweka mama kichwani kabla ya kupandisha ndoo, zinajaza lile pengo na kugawanya uzito usikae sehemu moja. Tofauti na hizo kuna gegedu nyeupe, laini, inayofunika ncha za mifupa yenyewe. Halafu ndo zinakuja ligamenti nne kubwa zinazofunga mfupa kwa mfupa. Mbili ziko pembeni, ya ndani na ya nje, zinazuia goti lisifunguke kwenda kushoto au kulia. Mbili ziko katikati kabisa na zimepishana, ya mbele inazuia ugoko usiteleze kwenda mbele na usizunguke hovyo, hiyo ndo ACL ambayo kila mshabiki wa mpira anaijua, na ya nyuma inazuia ugoko usirudi nyuma, hiyo ni PCL.

Ukishika hapo, vipimo vya ligamenti umeshavielewa. Kila kipimo ni kujaribu kufanya ule mwendo ambao ligamenti fulani imewekwa ili iuzuie, halafu unasikilizia kwa mkono kama umezuiwa au hukuzuiwa.

Lakini kabla ya mikono kuna maswali, na mimi naamini maswali ni nusu ya kazi. Uliumiaje? Ulikuwa unakimbia ukageuka ghafla mguu umebaki chini, au uligongwa? Watu wanadhani ACL inakatika kwa rafu tu, kama ile ya Oktoba 2020 ambapo kipa wa Everton, Jordan Pickford, alimvaa beki wa Liverpool, Virgil van Dijk, kumbe nyingi zinakatika bila mtu kukugusa kwa nguvu, mchezaji anatua kutoka kuruka, anasimama ghafla au anabadilisha uelekeo, goti linaingia ndani na mwili unazunguka juu ya mguu uliokanyaga. Mchezaji wa Hispania, Alexia Putellas, aliumia ya kwake mazoezini Julai 2022, Euro ya wanawake Uingereza ikiwa mlangoni. Na kwa wanawake hili ni kubwa zaidi, wakicheza mchezo uleule na wanaume ACL zao zinakatika mara nyingi zaidi, kwa hiyo binti wa timu ya shule anayesema "nilitua tu, sijaguswa na mtu" asiambiwe kwamba basi haijawa kitu.

Ulisikia mlio? Wengi wenye ACL iliyokatika wanakwambia walisikia "pa!" ndani ya goti, wengine hata mwenzao wa karibu alisikia. Uliendelea kucheza au ulitolewa? Halafu swali ambalo mimi nalipenda kuliko yote, goti lilivimba baada ya muda gani? Hili nalirudia kwa mgonjwa mpaka akumbuke vizuri, kabla ya mechi kuisha au asubuhi yake, maana tofauti ni kubwa sana. Likivimba likajaa ndani ya saa mbili, hiyo mara nyingi ni damu, na damu inatoka kwenye kitu chenye mishipa ya damu, yaani ACL imekatika, au mfupa umevunjika ndani ya kiungo, au pia, ule mfupa mdogo wa mbele ya goti, ilichomoka ikarudi, au meniskasi imechanika kule pembeni ambako damu inafika. Likivimba taratibu ukaamka kesho yake ndo unaliona limejaa, hayo mara nyingi ni maji yanayotengenezwa na goti lenyewe baada ya kukerwa, na hapo mawazo yanaenda zaidi kwenye meniskasi au gegedu. Sio sheria ya kukata na shoka, lakini kabla hujamgusa mtu tayari umeshajua unatafuta nini.

Na mawili ya mwisho, goti linakukwama? Linakutoka? Kukwama maana yake umefika mahali huwezi kulinyoosha mpaka mwisho, limegoma kabisa, sio kwamba linauma tu ukinyoosha. Kutoka ni ile unageuka, unashuka ngazi au unaruka mtaro na goti linakuacha, unahisi mifupa imepishana. Kukwama kunanisogeza kwenye meniskasi, kutoka kunanisogeza kwenye ligamenti.

Sasa mikono. Kwanza nguo. Huwezi kupima goti juu ya suruali, wala suruali iliyokunjwa mpaka magotini ikabana paja. Miguu yote miwili iwe wazi, kaptura inatosha, na mpimaji aanze na mguu MZIMA. Watu wanashangaa, "dokta mbona unashika huu, unaouma ni ule", lakini kuna watu wamezaliwa na viungo vilegevu, goti lao zima linacheza kuliko goti bovu la mtu mwingine, ukipima upande mmoja tu unaweza ukamwambia mtu ligamenti imekatika kumbe ndo alivyo tangu utoto. Kipimo cha goti ni ulinganisho, bila mguu wa pili huna kipimo. Faida nyingine, mgonjwa anaona kwenye mguu usiouma kile utakachomfanyia, anatulia, misuli inalegea.

Unatazama akisimama na akitembea, halafu akilala. Paja limepungua? Msuli wa mbele ya paja unayeyuka haraka sana mtu akiacha kuutumia, baada ya wiki chache unaona kwa macho. Uvimbe unaupima kwa mkono, unakamua kutoka juu ya pia kushuka chini, halafu unaibonyeza pia kwa kidole, kama kuna maji mengi inazama na kugonga mfupa kisha inaelea tena. Maji kidogo unayafukuza upande wa ndani kwa kupandisha kiganja, halafu unashusha kiganja upande wa nje na kuangalia kama upande wa ndani unajaa tena.

Halafu unamwambia anyanyue mguu ukiwa umenyooka. Kitu kidogo hiki kinasahaulika mno. Asipoweza kabisa kunyanyua kisigino kitandani huku goti limenyooka, inawezekana msuli wa mbele ya paja umekatika pale unaposhikana na pia, au pia yenyewe imevunjika, au ule mkanda unaotoka kwenye pia kwenda ugokoni umeachia, na hizo haziponi kwa bandeji, zinataka daktari wa kuzishona mapema.

Eksirei je? Mwaka 1995 Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni rahisi ya kuamua nani apigwe eksirei baada ya kuumia goti, na mpaka leo inatumika dunia nzima. Piga kama mtu ana miaka 55 au zaidi, au anaumia ukibonyeza kile kinundu cha mfupa mwembamba kwa nje chini ya goti, au anaumia kwenye pia peke yake, au hawezi kukunja goti kufika digrii 90, au hakuweza kupiga hatua nne palepale alipoumia na bado hawezi hapo hospitali. Moja tu ikiwepo, eksirei. Zisipokuwepo zote uwezekano wa mfupa kuvunjika ni mdogo sana. Mgonjwa anayepigwa eksirei, anaambiwa "mfupa mzima, nenda nyumbani" na hakushikwa, huyo hajapimwa goti, kapimwa mfupa.

Tuje kwenye ACL, maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Kipimo cha zamani ambacho wengi wamekiona ni kukunja goti digrii 90, mpimaji anakalia kidogo mguu wa mgonjwa kitandani, anashika ugoko kwa mikono miwili na kuuvuta mbele. Kinafaa goti likishakaa muda, ila kwa goti lililoumia jana kina matatizo matatu. Goti lililojaa damu halikunjiki kufika 90, mtu anapiga kelele. La pili, goti likiwa limekunjwa hivyo misuli ya nyuma ya paja iko mahali pazuri pa kuvuta ugoko urudi nyuma, mgonjwa akiogopa tu anaukaza, wewe unavuta na yeye anavuta, unaona goti gumu unasema ACL nzima. La tatu, pembe ya nyuma ya meniskasi ya ndani inajibana kati ya mifupa na kuzuia ugoko usije, hata kama ligamenti haipo.

Ndo maana kuna kipimo cha Lachman. John Lachman alikuwa daktari wa mifupa wa Temple University kule Philadelphia, na mwaka 1976 Joseph Torg na wenzake wakakiandika na kukipa jina lake. Goti linakunjwa kidogo tu, digrii 20 mpaka 30, ambapo hata goti lililovimba linavumilia. Mkono mmoja unashika paja kwa nguvu juu kidogo ya goti na kulituliza, mkono wa pili unashika ugoko kwa ndani, dole gumba likiwa mbele pale chini ya pia, halafu unavuta ugoko uje mbele kwa mwendo mmoja wa uhakika. Unasikilizia vitu viwili. Cha kwanza umekuja kiasi gani kuliko mguu mzima, tofauti ya milimita 3 kwenda juu inaanza kutia shaka. Cha pili, na mimi hiki ndo nakiamini zaidi, umeishiaje. Ligamenti nzima inakaza ghafla, tap, unajua umefika mwisho. Iliyokatika haina mwisho, unavuta na mwendo unayeyuka tu kwenye nyama laini. Ukishausikia huo ulaini mara moja kwa mkono wako huusahau.

Mwenye mikono midogo na mgonjwa mwenye paja la beki wa kati anapata tabu, hilo ni kweli, huwezi kulizunguka paja kama lile. Dawa yake unaweka goti lako mwenyewe chini ya paja la mgonjwa juu ya kitanda, linakuwa limekunjika digrii zinazotakiwa na limetulia, unabonyeza paja kwa juu na mkono wa pili unavuta. Mgonjwa aambiwe alegeze kabisa, kichwa kiwe kwenye mto asiinuke kuchungulia, maana akiinua tu kichwa kuangalia unachofanya misuli inakaza.

Kipo kingine, kile cha kuzungusha, kilichoelezwa na Galway na MacIntosh wa Kanada mwaka 1972. Unanyanyua mguu umenyooka, unauzungusha ugoko kwa ndani huku unausukuma goti kutoka nje, halafu unaukunja taratibu. Kama ACL haipo, ugoko unakuwa umetoka mbele mguu ukiwa umenyooka, na ukifika digrii 20 mpaka 40 hivi unaruka kurudi mahali pake, unausikia na mgonjwa anausikia, anakwambia "hicho hicho! ndo kinachonitokea uwanjani". Kikionekana ni ushahidi mzito sana. Shida yake mgonjwa aliye macho akiumizwa mara moja harudii, anakaza mguu mzima, ndo maana kinatoka vizuri zaidi mtu akiwa amelazwa usingizi wa opareshini.

PCL ndo inasahaulika, na kwa huku kwetu isingepaswa kusahaulika kwa sababu ya bodaboda. Dereva au abiria goti limekunjwa, ajali inatokea, ugoko unagonga kitu kutoka mbele na kusukumwa nyuma, hiyo ndo njia kamili ya kukata PCL, sawasawa na abiria wa mbele kwenye gari anayegonga dashibodi. Kumpima huanzi kwa kushika, unaanza kwa kutazama. Mgonjwa analala chali, magoti yote yamekunjwa digrii 90, nyayo kitandani, wewe unainama unachungulia kutoka pembeni usawa wa magoti. Upande mzima ugoko unatokeza mbele kidogo ya mfupa wa paja, upande wenye PCL iliyokatika ugoko umezama, umeanguka nyuma kwa uzito wake wenyewe. Halafu unausukuma nyuma kuthibitisha.

Na hapa kuna mtego ambao nataka wanafunzi wa fizio na matabibu waushike. Ugoko ukiwa umeshaanguka nyuma kwa sababu ya PCL, halafu mtu hakuchungulia, akaja moja kwa moja kuuvuta mbele, utakuja sana! Atasema ACL imekatika. Kumbe alikuwa anaurudisha tu mahali ulipotakiwa kuwa. Kwa hiyo chungulia kwanza, vuta baadaye.

Ligamenti za pembeni ni rahisi zaidi kuelewa. Unashika kifundo cha mguu kwa mkono mmoja, mwingine unasukuma goti kutoka nje kwenda ndani kupima ya ndani, kisha kinyume chake kupima ya nje. Siri iko kwenye kufanya mara mbili, goti likiwa limekunjwa digrii 30 na likiwa limenyooka kabisa. Likinyooka kabisa kuna vitu vingi vinasaidiana kuzuia, utando mnene wa nyuma ya kiungo umekaza, ligamenti za katikati zimekaza. Ukikunja digrii 30 hivyo vingine vinalegea na ligamenti ya pembeni inabaki karibu peke yake. Kwa hiyo likifunguka kwenye 30 tu lakini likiwa limenyooka liko imara, ya pembeni imeumia peke yake, na ile ya ndani ikiumia peke yake kwa kawaida inapona bila kisu, kwa brasi na mazoezi. Likifunguka hata likiwa limenyooka hapo simama, kuna zaidi ya ligamenti moja, huyu ni mgonjwa wa daktari bingwa wa mifupa leo.

Na hapo ndo niseme jambo ambalo linaweza kumpotezea mtu mguu. Ajali ya pikipiki, goti limelegea pande zote, eksirei mifupa iko mahali pake, kila mtu anashukuru. Goti linaweza kuwa lilichomoka lote barabarani likarudi lenyewe kabla hajafika hospitali, na lilipochomoka likavuta mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti. Mguu ukikosa damu kwa saa sita hivi uharibifu unaanza kuwa wa kudumu. Kwa hiyo mapigo ya damu yashikwe juu ya wayo na nyuma ya kifundo upande wa ndani, yalinganishwe na mguu wa pili, yarudiwe tena na tena maana mshipa unaweza kuziba baadaye. Aambiwe pia anyanyue vidole na wayo kwenda juu, akishindwa, neva inayozunguka ule mfupa mwembamba wa nje imeumia. Goti lililolegea pande zote baada ya ajali halilali nyumbani likisubiri kesho. Vivyo hivyo goti jekundu, la moto, lenye homa, ambalo halivumilii hata kusogezwa, hilo linaweza kuwa na usaha ndani, hakuna cha Lachman wala nini, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Na mtoto. Mtoto wa miaka kumi na kitu anachechemea, anasema goti linauma, unalipima unalikuta zima kabisa. Mpime nyonga. Matatizo ya nyonga yanatuma maumivu gotini, mfupa wa nyonga unaweza kuwa unateleza pale unapokua, na ukiuzungusha mguu kwa ndani unakuta unagoma. Wapo watoto waliopakwa dawa gotini miezi mizima na kitu kilikuwa nyongani.

Meniskasi sasa, na hapa inabidi niseme ukweli kwamba mikono haina nguvu kama ilivyo kwa ACL. Kipimo rahisi ndo kinachosaidia zaidi, goti linakunjwa, unatafuta kwa kidole ule ufa kati ya mfupa wa paja na wa ugoko, unautembea taratibu kuanzia mbele mpaka nyuma, ndani na nje, mgonjwa akiruka mahali pamoja palepale kila ukirudi, panashukiwa. Cha McMurray, daktari wa Liverpool wa miaka ya 1940, unalikunja goti mpaka mwisho, unazungusha wayo nje au ndani halafu unalinyoosha polepole, ukisikia kitu kinaruka chini ya kidole na maumivu yanakuja hapo hapo, ni dalili nzuri. Ila kisipotokea hakimaanishi meniskasi nzima, wengi wenye mpasuko hawakitoi. Na mlio bila maumivu hauna maana yoyote, magoti mengi yanalia na ni mazima, watu waache kuogopa hilo. Mwaka 2005 wenzetu wa Ugiriki walileta kingine, unasimama mguu mmoja, goti limekunjwa digrii 20, mpimaji kakushika mikono, unazungusha mwili kushoto na kulia, ukisikia maumivu kwenye ule ufa au kukwama ni dalili. Kilianza kwa sifa kubwa lakini tafiti zilizofuata hazikukuta kwamba kinashinda vile vya zamani. Kwa hiyo mpimaji mwaminifu anajumlisha, hadithi ya kujipinda, uvimbe wa kesho yake, maumivu kwenye ufa, McMurray, kuchuchumaa kunakouma mwishoni, na vikikubaliana vitatu vinne anakuwa na uhakika wa kutosha.

Goti lililokwama kweli ni habari nyingine. Kipande kirefu cha meniskasi kimechanika na kupinduka katikati ya kiungo, kimezuia. Kumhakikisha, mlaze kifudifudi, magoti yaishie ukingoni mwa kitanda na miguu ining'inie, tazama visigino, kisigino cha goti lililokwama kinabaki juu. Naomba sana goti hili lisinyooshwe kwa nguvu na mtu yeyote, awe mkandaji, awe kocha, awe mjomba mwenye uzoefu, ukilazimisha unasaga kile kipande ambacho daktari angeweza kukishona. Theluthi ya nje tu ya meniskasi ndo inapata damu ya kutosha, huko mshono una nafasi nzuri ya kushika, na kwa kijana kuokoa meniskasi ni kuokoa goti la uzeeni.

Na kuhusu kukanda, nawaheshimu wakandaji, wengine mikono yao inajua mwili, lakini goti lililojaa siku hiyohiyo halichuliwi wala halikandwi na maji ya moto. Ndani kunavuja damu. Barafu juu ya kitambaa, bandeji isiyobana sana, mguu juu ya mito, magongo kama hawezi kukanyaga.

Sasa kwa nini nimeng'ang'ania mikono kabla ya picha hasa kwa watu wazima? Mwaka 2008 Martin Englund na wenzake walitoa utafiti wa watu 991 wa mji wa Framingham, Marekani, miaka 50 mpaka 90, waliochukuliwa bila kuangalia kama goti linauma au haliumi, wote wakapigwa MRI. Kati ya waliokutwa na meniskasi iliyochanika au kuharibika, asilimia 61 hawakuwa na maumivu yoyote mwezi uliopita. Yaani mpasuko kwenye picha ya mtu wa miaka 60 unaweza kuwa kama mvi, upo tu. Mama wa miaka 58 goti linauma kwa sababu ya gegedu iliyolika na msuli wa paja ulioisha, anapigwa MRI, inaandikwa "meniskasi imechanika", familia inachanga hela ya kuikata. Na mwaka 2013 Wafini walichapisha utafiti wa watu 146 wenye mpasuko wa namna hiyo ya kuchakaa, nusu wakakatwa kile kipande, nusu wakachanjwa ngozi tu na kuchunguzwa bila kukatwa kitu, baada ya mwaka mmoja hali zao hazikutofautiana kimaana. Wenye goti lililokwama na vijana walioumia ghafla hawamo kwenye hesabu hiyo, wao ni kundi jingine. Lakini kujua wewe uko kundi gani kunahitaji mtu akuulize na akushike.

Jambo linalokosewa sana hata kwenye hospitali nzuri ni kupima mara moja na kuishia hapo. Siku ya kwanza goti limejaa, mtu ana maumivu, amekaza kila msuli, Lachman yenyewe inaweza kukudanganya. Rudi baada ya siku tano mpaka kumi, uvimbe umepungua, hofu imepungua, goti lilelile linatoa majibu tofauti kabisa. Ukiambiwa "pumzika, utapona" siku ya ajali, uliza tarehe ya kurudi kupimwa tena, na kama hakuna aliyekupa, itafute mwenyewe kwa fizio au kliniki ya mifupa.

Na ukishaambiwa ACL imekatika bado sio mwisho wa maswali. Wasweden mwaka 2010 walitoa matokeo ya vijana 121 wachangamfu, kundi moja lilifanyiwa opareshini mapema pamoja na mazoezi, la pili lilianza na mazoezi tu na opareshini ikawekwa pembeni kwa atakayeihitaji. Baada ya miaka miwili makundi yalikuwa sawa, na kwenye lile la pili karibu wanne kati ya kila kumi walikuwa wameshaomba kufanyiwa, baada ya miaka mitano wakafika kama nusu. Kwa hiyo baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya kweli goti linapimwa upya, Lachman itabaki laini vilevile, hiyo haibadilishwi na mazoezi, kinachoangaliwa ni anaruka kwa mguu mmoja umbali gani ukilinganisha na wa pili, paja limerudi kiasi gani, akikimbia na kukata kona linamtoka au limetulia. Fundi ujenzi ambaye halijamtoka hata mara moja na hana mpango wa kurudi uwanjani anaweza akaishi nalo. Straika wa miaka 19 ambaye linamtoka kila akigeuka, huyo kila likitoka linasaga meniskasi ambayo bado ni nzima, na opareshini yake haifai kusogezwa mbele msimu mwingine.